Steringi asiyejua kuwa yeye ndiye adui

*Tangu mwaka 2001 watazamaji wanaitegua filamu ya Mulholland Drive kama kitendawili. Huenda ingetufaa zaidi kuisikiliza kama tunavyosikiliza mtu anayesimulia ndoto yake.*

Nilipokuwa mtoto Tandika, jijini Dar es Salaam, filamu haikuwa na siri. Kiingilio cha kibanda umiza kilikuwa shilingi 50. Tulibanana kwenye mabenchi mbele ya runinga moja, na juu ya sauti za Wachina, Wahindi na Wamarekani ilipanda sauti ya mtu wetu. Huyo ndiye aliyetuambia nani ni nani. Steringi alikuwa hajafungua mdomo, sisi tulishajua jina lake, kinachomuuma na adui aliyemlia kiapo. Palipokuwa na ukimya, msimuliaji aliujaza. Tulikuwa na Lufufu, Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana mavijei wao. Kanuni tulizijua kwa moyo: steringi hafi, adui hucheka kwa sauti, na picha ikiisha hakuna swali linalobaki.

Kwa hiyo sikushangaa mpwa wangu wa miaka 19 alipouliza swali lake dakika ya kumi. Tulikuwa sebuleni, kompyuta mpakato juu ya stuli, tunatazama Mulholland Drive ya David Lynch.

"Mjomba, hapa steringi nani?"

Nikamwambia avute subira. Dakika ya arobaini akauliza tena. Tulipokaribia saa ya pili, msichana tuliyemzoea kwa jina la Betty akatoweka chumbani bila kuaga, mwenzake akafungua kasha dogo la buluu, na mambo yote yakaanza upya: sura zilezile, majina mengine. Mpwa wangu akasimamisha picha.

"Hii wameichakachua," akasema. "Wameunga picha mbili."

Hakuwa mbali na ukweli.

Picha iliyokataliwa

Lynch alizaliwa Missoula, katika jimbo la Montana, Marekani, mwaka 1946, na alisomea uchoraji kabla ya kushika kamera. Mwaka 1999 aliitengeneza Mulholland Drive kama kipande cha kwanza cha tamthilia ya runinga kwa ajili ya kituo cha ABC. Wakubwa wa kituo wakakitazama, wakakikataa. Kikakaa kabatini mpaka zilipopatikana fedha za Ufaransa, kutoka kampuni ya StudioCanal, Lynch akawaita tena waigizaji wake na kupiga picha mpya. Hadithi iliyokusudiwa kwenda wiki hadi wiki bila kufika sasa ilidaiwa mwisho.

Mwezi Mei 2001 ikaonyeshwa kwenye Tamasha la Cannes, na Lynch akagawana tuzo ya mwongozaji bora na Joel Coen. Miaka 15 baadaye, BBC ilipowauliza wahakiki 177 wa nchi mbalimbali filamu bora za karne hii ni zipi, hii ikashika namba moja. Kipande kilichotupwa na kituo cha runinga kikawa kigezo.

Kwa anayetafuta maana iliyofichwa, historia hii ni onyo la mapema. Wako askari wapelelezi wawili wanaoonekana mwanzoni, wanatazama ajali ya gari, wanasema maneno mawili matatu, kisha hawarudi tena. Nimewasikia watu wakiwajengea nadharia ndefu. Maelezo mepesi ni kwamba kwenye tamthilia wangekuwa na kazi, na tamthilia haikuzaliwa. Katika nguo iliyoshonwa upya kuna mishono ya zamani, na si kila mshono ni nakshi.

Kisa chenyewe, kwa mtindo wa kibandani

Betty Elms, aliyeigizwa na Naomi Watts, ni binti mwenye nywele za dhahabu anayewasili Los Angeles kutoka Deep River, mji mdogo wa Ontario nchini Kanada. Amekuja kutafuta unyota. Bafuni, katika nyumba ya shangazi yake aliyesafiri, anamkuta mwanamke asiyemjua. Huyu ni Laura Harring. Amenusurika ajali ya gari usiku kwenye barabara ya Mulholland, na hajikumbuki. Akiulizwa jina, anaokota la Rita kutoka kwenye bango la filamu ya zamani ya Rita Hayworth lililotundikwa ukutani. Mkobani mwake mna mabunda ya dola na ufunguo wa buluu wenye umbo la ajabu. Wawili hao wanaanza kupeleleza Rita ni nani, na upelelezi unageuka mapenzi. Kwingineko mjini, mwongozaji wa filamu aitwaye Adam Kesher anashurutishwa na watu wazito wenye suti ampe nafasi mwigizaji asiyemtaka.

Kasha linapofunguliwa, anayeamka kitandani ni Diane Selwyn. Ni Watts yuleyule, ila uso umesinyaa na koti la kuogea limechakaa. Diane ni mwigizaji aliyekwama. Yule tuliyemwita Rita sasa ni Camilla Rhodes, nyota anayepanda, mpenzi wa Diane anayemwacha ili aolewe na Adam. Diane anakaa mgahawani na muuaji wa kukodiwa, anamsogezea picha ya Camilla na fedha. Muuaji anamwonyesha ufunguo wa buluu, wa kawaida kabisa: kazi ikishakamilika, utaukuta mahali fulani. Siku moja Diane anaukuta mezani kwake. Haukuletwa ili ufungue kitu. Umeletwa kumjulisha kwamba Camilla amekufa. Anajipiga risasi.

Tafsiri inayopendwa na wengi ni kwamba sehemu ya kwanza ni ndoto ya Diane, na ya pili ndiyo maisha yake, japo yamekorogwa na kumbukumbu na mawenge. Lynch alitudokeza tangu mwanzo. Kabla ya jina la filamu, kamera inashuka polepole kwenye mto wa kulalia mwekundu huku mtu akihema kwa shida, kisha giza. Mpwa wangu hakuiona sehemu hiyo. Alikuwa anatafuta chaja.

Aliyeota ni nani?

Lakini kusema "ilikuwa ndoto" ni kuanza tu. Ndoto ya namna gani?

Pwani yetu watu hawajawahi kuichukulia ndoto kama jambo jepesi. Kwa mafunzo ya Kiislamu ndoto ziko mafungu matatu: njozi njema itokayo kwa Mungu, jinamizi litokalo kwa shetani, na ile ambayo nafsi inajisemesha yenyewe juu ya mambo yaliyoishughulisha. Viko vitabu vya tafsiri vinavyonasibishwa na Ibn Sirin, mwanazuoni wa Basra wa karne ya nane. Ukivifungua haraka utadhani ni kamusi: nyoka ni adui, na kadhalika. Ila kuna kisa mashuhuri kinachosimuliwa juu yake kinachoivunja kamusi hiyo. Watu wawili walimwendea, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akamwambia atakwenda Hija. Wa pili akamwambia atakatwa mkono kwa wizi. Alipoulizwa vipi ndoto moja izae tafsiri mbili, akajibu kwamba amewatazama waotaji, na hawakuwa sawa.

Watazamaji wengi wa Mulholland Drive wanakosea hapo. Wanauliza ufunguo maana yake nini, kasha maana yake nini, buluu maana yake nini, kana kwamba kuna daftari mahali fulani lenye majibu. Sigmund Freud naye, alipochapisha kitabu chake cha ufasiri wa ndoto pale Vienna, alisisitiza kumuuliza mwotaji mwenyewe kila kipande kinamkumbusha nini. Basi tumuulize Diane.

Tazama anavyookota vitu. Mgahawani, anapoagiza mauaji, mhudumu anayemmiminia kahawa ana kibandiko cha jina kifuani: Betty. Diane analichukua jina hilo na kujivisha. Kwenye karamu nyumbani kwa Adam, usiku aliodhalilika kuliko wote, kuna mama mmoja aitwaye Coco, mama mzazi wa Adam, anayemsikiliza kwa huruma inayoumiza kuliko kejeli. Ndotoni Coco anakuwa msimamizi wa nyumba za kupanga anayempokea Betty kwa bashasha. Mwanamke mwingine aliyembusu Camilla mbele yake anakuwa yule mwigizaji anayelazimishwa na wahuni. Mwanamume mwenye kofia ya koboi aliyepita nyuma kwa sekunde chache anakuwa mjumbe wa kutisha mwenye amri ya uhai na kifo. Kijana aliyesimama kaunta na kumtupia jicho wakati picha ya Camilla iko mezani, ndotoni amekaa mgahawa uleule, anamsimulia mwenzake hofu ya kitu kilichojificha nyuma ya jengo.

Hofu hiyo ni ya Diane. Amempa mtu mwingine aibebe.

Na huo ndio mtindo wa ndoto nzima. Kila kinachomuuma Diane kinahamishiwa kwingine au kinageuzwa. Fedha alizotoa kwa muuaji zinarudi zikiwa mabunda mkobani mwa Rita, hakuna ajuaye zimetoka wapi. Camilla, aliyemkataa, anakuwa mwanamke asiye na kumbukumbu wala pa kwenda, anayemhitaji Betty kwa kila kitu. Adam anamfumania mkewe, anapigwa, anakatiwa fedha. Kushindwa kwake Diane kupata nafasi hakutokani tena na kipaji wala bahati; kuna mtandao wa majambazi uliopanga kila kitu. Hata muuaji wa kukodiwa anakuwa kichekesho: anakwenda kuua mtu mmoja, risasi inapenya ukuta na kumpata mama wa chumba cha jirani, mfagiaji anaona, mwisho anaifyatulia hadi mashine ya kufyonza vumbi na kengele ya hatari inalia. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikaelewa kwa nini yumo. Mwanamke aliyelipia kifo anatamani kwa roho yake yote mtu aliyemlipa awe mzembe.

Ndiyo maana gari la mwanzo linapata ajali sekunde ile bastola inapoelekezwa kwa Rita. Ndoto inafanya kile ambacho Diane hawezi tena kukifanya. Inazuia.

Maneno yaleyale, jikoni na ukumbini

Kuna mahali Lynch anatufundisha kuitazama filamu yake bila kutuambia kwamba anatufundisha. Betty ana usaili. Jikoni anafanya mazoezi na Rita, karatasi mkononi. Maneno ni ya mwanamke anayemfukuza mwanamume, anamtishia kisu. Betty anayasema kwa hasira ya kitoto, anapiga ukelele, kisha wote wawili wanaangua kicheko. Ni uandishi mbovu, na wao wanajua.

Siku ya usaili, chumba kimejaa watu waliochoka. Mwigizaji wa kiume ni mzee aliyekolea rangi ya jua, anamsogelea Betty zaidi ya inavyostahili. Betty anasita. Kisha anaushika mkono wa yule mzee, anauweka kiunoni mwake mwenyewe, na anayasema maneno yaleyale kwa mnong'ono, mdomo karibu na sikio lake. Tishio limekuwa mwaliko, na mwaliko una machozi. Chumba kinakaa kimya. Hakuna neno hata moja lililobadilishwa kutoka jikoni.

Mpwa wangu, aliyekuwa amejilaza kochini, aliinuka akakaa. "Huyu dada anajua," akasema.

Anajua, naam. Lakini ni ndotoni anapojua. Kwenye karamu, Diane anasimulia kwamba nafasi aliyoitaka sana ilikwenda kwa Camilla, na kwamba mwongozaji hakumwona yeye kuwa chochote. Ukishasikia hayo, ule usaili mtukufu unabadilika machoni pako. Ni mwanamke aliyekataliwa anayejipigia makofi usingizini.

Sauti bila mdomo

Saa nane usiku Rita anaamka akitamka neno la Kihispania lenye maana ya ukimya. Wanachukua teksi mpaka ukumbi mkuukuu uitwao Silencio. Jukwaani mwanamume anatangaza kwa lugha kadhaa kwamba hakuna bendi. Kila kinachosikika kimerekodiwa. Mpiga tarumbeta anajitokeza, anapuliza, kisha anaondoa chombo mdomoni na muziki unaendelea. Tumeonywa waziwazi.

Halafu anaingia mwimbaji, Rebekah Del Rio, na bila ala yoyote anaimba kwa Kihispania wimbo wa Roy Orbison kuhusu kilio. Kamera inamkaribia mpaka kila mshipa wa shingo unaonekana. Betty na Rita wanalia. Sisi pia koo zimekaba. Katikati ya ubeti mwimbaji anaanguka, anaburutwa nje ya jukwaa, na sauti yake inaendelea kuimba.

Hapo nilikumbuka Tandika. Mdomo wa Mchina ulisema lake, sauti ya Mswahili ikasema lingine, na mara nyingi mdomo ulikuwa umeshafunga wakati msimuliaji bado anaendelea. Tulijua. Hakuna mtoto aliyedhani Bruce Lee anaongea Kiswahili cha Temeke. Lakini mama wa steringi alipouawa, benchi zima lilinyamaza, na kuna waliofuta macho kwa mkono wa shati. Sauti ilikuwa ya kubandikwa, na machozi yalikuwa yetu.

Diane yuko hivyohivyo. Ndoto yake ni kanda iliyorekodiwa: mapenzi na Rita hayapo, kipaji hakikutambuliwa, shangazi alishafariki na kumwachia fedha kidogo. Huzuni iliyo ndani yake ndiyo kitu pekee ambacho hakikuigizwa. Betty anapofungua mkoba wake baada ya wimbo, kasha la buluu limo. Limeingia humo wakati analia.

Wapi ndoto inajisaliti

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Diane anaficha kwa ustadi, lakini nafsi inayojisemesha haiwezi kujidanganya mpaka mwisho. Betty, kwa furaha ya mtoto anayecheza upelelezi, anamtafuta mtu aitwaye Diane Selwyn. Anapiga simu, hapokei mtu. Anakwenda mpaka nyumbani kwake, anaingilia dirishani. Kitandani wanakuta maiti ya mwanamke iliyoanza kuoza.

Amejiona mwenyewe. Ndoto iliyotengenezwa ili asiwe Diane imemshika mkono na kumpeleka hadi kwenye kitanda cha Diane.

Hili ndilo linaloifanya filamu iwe zaidi ya fumbo la kuchezea akili. Ziko filamu nyingi zinazoficha jambo ili zikushtue dakika ya mwisho, na ukishashtuka umemaliza. Lynch hafichi kwa niaba yake. Anayeficha ni Diane, na anajificha yeye mwenyewe. Kizunguzungu tunachopata sebuleni ni kizunguzungu cha mtu aliyefanya jambo ambalo hawezi kuishi nalo, anayehangaika kupanga upya majina, sura na makosa ili jambo lenyewe lisiwe la kwake. Kanuni ya kibandani hapa inapinduka. Steringi anakufa. Na steringi na adui ni mtu mmoja, ila yeye hajaambiwa.

Je, tafsiri hii inaziba kila tundu? Hapana. Kama mwotaji ni Diane, mwanamke mwenye nywele za buluu anayetamka neno la mwisho katika ukumbi mtupu baada ya Diane kufa yuko katika ndoto ya nani? Wapo wanaoiona filamu yote kuwa kisa cha Hollywood yenyewe, mji unaotengeneza sura na kuzitupa. Sioni kama tafsiri hizo zinagombana. Hollywood ndiyo iliyomuuzia Diane vipande alivyotumia kujijengea ndoto.

Aliyechukua mji akaondoka

Katika mchezo wetu wa vitendawili, wasikilizaji wakishindwa mtegaji hudai mji. Anapewa Tanga, Mombasa au Mwanza, anatamba nao kidogo, kisha anatoa jibu. Hayo ndiyo makubaliano. Lynch aliuchukua mji, na jibu hakutoa. Diski ya filamu ilipotoka iliambatana na kikaratasi cha dondoo 10 kutoka kwake, na nyingi ni maswali juu ya maswali: nani anatoa ufunguo, na kwa nini, shangazi yuko wapi, angalia koti la kuogea, kisahani cha majivu, kikombe cha kahawa. Aliagiza pia diski isigawanywe kwa sura, ili mtazamaji asirukeruke. Kila alipobanwa aeleze, alikataa kwa upole. Alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 78, bila kulitoa jibu hilo.

Zamani ningeita huo uchoyo. Siku hizi nadhani alikuwa anatukabidhi kazi ya msimuliaji wa kibandani. Aliyeacha ukimya ametuachia kipaza sauti.

Usiku ule tulimaliza saa saba. Mpwa wangu hakuuliza tena steringi ni nani. Alikaa akitazama majina yakipanda, kisha akachukua simu na kutoka barazani. Nilimsikia anampigia rafiki yake, sauti imechangamka kama ya Lufufu anayefungua picha.

"Oya, nimecheki muvi moja sio ya nchi hii. Sikia. Kuna demu mmoja, anaitwa..."

Akanyamaza. Nikasubiri kusikia angemwita nani.